MREJESHO: Kilomita 50 za milimani. Kupanda nilitoboa, kushuka ndiko kulikonimaliza

#1 KisiginoKikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Niliahidi kwamba nikirudi mzima nitaleta mrejesho. Nimerudi. "Mzima" ni neno kubwa kidogo. Naandika nikiwa nimeinua miguu juu ya mito miwili, na leo asubuhi nimeshuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, mikono yote ukutani, mwanangu wa miaka minne amesimama juu ananiuliza, "Baba, huo mchezo unaitwaje?"

Haya yalikuwa mashindano yangu ya kwanza ya kilomita 50 za milimani. Karatasi ya njia ilisema kupanda jumla mita 2,600. Mnaanzia uwanjani, mnamalizia uwanja uleule, kwa hiyo kila kilichopandwa lazima kishukwe. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo. Mimi miezi mitano sikuliona. Nilibandika hiyo 2,600 kwenye mlango wa friji na kila nikiisoma nawaza kupanda tu.

Jumanne yangu ilikuwa hivi: napanda kilima kwa nguvu dakika 3, nashuka kwa kutembea taratibu ili nipumzike, narudia mara 8. Rudini tena hapo kwenye "nashuka kwa kutembea". Ndipo nilipojichimbia shimo. Alhamisi saa moja nyepesi, ile kasi ambayo unaweza kupiga soga bila kuhema. Jumamosi mbio ndefu na kundi, kuanzia masaa mawili mpaka matano. Jumapili natoka tena na miguu ileile iliyochoka.

Kundi letu tuko sita na tuna sheria moja tu. Kila njia panda aliye mbele anasubiri, na wa mwisho akishafika anapewa dakika nzima ya kupumua kabla hatujaondoka. Nimewahi kukimbia na watu ambao wakimwona wa mwisho anachomoza tu wanaanza tena. Wao wameshapumzika, yeye hajapumzika hata sekunde, halafu wanashangaa mbona anazidi kubaki.

Siku yenyewe tuliondoka saa 11 alfajiri, tochi kichwani. Kilomita 12 za kwanza ni kupanda mfululizo. Aisee, nilijimwambafai. Nilipita watu kama nimesimamishiwa foleni. Juu kabisa msimamizi akanitajia namba: wa 41, kati ya watu mia tatu na kitu. Nikawaza, kumbe mimi ni wa milimani.

Halafu njia ikageuka chini. Mita 900 ndani ya kilomita 7. Nikashuka kama mtu anayeogopa kuvunja mayai, mgongo nyuma, visigino mbele, kila hatua puu! puu! Nilipofika bondeni nikasimama kunywa maji na mapaja yakaanza kutetemeka yenyewe, kama injini inayotaka kuzima. Na hapo nilikuwa kilomita ya 19.

Kilomita ya 27 kijiwe kikaingia kiatu cha kushoto. Kidogo, kama punje ya mchele, kikakaa chini ya dole gumba. Nikasema nitakitoa kituoni. Kituoni nikamkuta Bi Mteremko wa kundi letu ameshanipita na anaondoka, nikaona aibu kukaa chini, nikaunga nyuma yake na kijiwe changu. Dakika tano nikampoteza. Kijiwe sikukipoteza.

Kilomita ya 38 ikabidi. Nikainama kufungua kamba, mashavu ya miguu yote mawili yakakaza kwa pamoja. Nikakaa katikati ya njia miguu imenyooka kama mwanasesere, sina uwezo wa kuufikia mguu wangu mwenyewe. Kijana mmoja nisiyemjua akapiga magoti, akanivua kiatu, akavuta soksi. Soksi ikatoka na ngozi ya lengelenge zima. Akakipata kijiwe, akaniwekea kiganjani, akasema "kumbukumbu", akaondoka.

Mteremko wa mwisho nilishuka ubavuubavu kama kaa. Nikamaliza kwa saa 9 na dakika 47, nafasi ya 163. Niliteleza kidogo mahali fulani, si kitu cha kutaja.

Swali langu kwa wazoefu: watu wanashukaje?

#2 MgeniWaNjia

Nimevuta kiti. Ila niulize kwanza: hizo kilomita 50 mlikuwa mnakimbizwa na nani?

#3 BiMteremko

Mdogo wangu, umeandika vizuri ila kumbukumbu imekuteleza kuliko miguu. Ulianguka mara tatu. Ya kwanza nilikuwa nyuma yako nikaiona kwa macho yangu, ya pili na ya tatu umekuja nazo kwenye goti. Na pale kituoni hukuona aibu ya kukaa. Ulimwambia yule binti wa maji "niko poa kabisa" huku umemnyooshea kikombe kimegeuka kichwa chini. Binti akanitazama mimi.

Sasa nikujibu. Nina miaka 54, nilianza kukimbia nikiwa na 46. Kupanda vijana wote mnaniacha na sina kinyongo. Kushuka nawakuta. Sina nguvu kuwashinda, ni vile tu siogopi, na kutoogopa nimejifunza kidogo kidogo kama mtu anavyojifunza kuogelea.

Kisigino kwanza. Ukitanguliza kisigino mguu umenyooka, umekanyaga breki, na breki hiyo ni paja lako. Umekanyaga breki kilomita 7, ulitegemea nini? Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, mguu utue chini ya kiuno na si mbele yake, goti limekunjwa kidogo. Kama kuku anayevuka uwanja wa moto. Kiwiliwili kifuate mlima badala ya kuukimbia. Ukiegemea nyuma nyayo zinateleza, na ndiyo maana ulikaa chini mara tatu.

Macho yasiwe kwenye kidole cha mguu. Tazama hatua nne tano mbele, jiwe unalolikanyaga sasa ulishaliona zamani. Mikono iachie, itande kama ndege anayetua. Haipendezi kwenye picha, ndiyo, lakini na damu ya goti haipendezi.

Halafu kuna kitu wanaume wa kundi letu hamtaki kusikia. Kabla ya mteremko mrefu simama, kaza kamba upya kwenye kifundo ili kisigino kikae nyuma. Sekunde thelathini. Kiatu kikiwa kimelegea, vidole vinagonga mbele kila hatua, ndipo kucha zinapokuwa nyeusi. Na kucha zikatwe siku mbili tatu kabla, si usiku wa kuamkia mbio.

Zoezi langu: mteremko wa mita 200, mara 6, kila Alhamisi. Wa kwanza polepole kabisa, wa mwisho kwa kasi ambayo bado naweza kucheka. Kicheko kikikata nimeshazidisha.

#4 KisiginoKikavu

Mara mbili. Ile ya tatu niliinama.

#5 BiMteremko

Uliinama na mgongo?

#6 ShavuLaMguu

Nimecheka mpaka basi. Mimi kazi yangu ni fiziotherapia na nusu ya wagonjwa wangu ni wakimbiaji, nyongeza yangu ni hii.

Ukipanda, msuli wa mbele wa paja unajikunja huku unakusukuma. Ukishuka, msuli uleule unabeba uzito wako huku unarefuka. Ni kama kuteremsha gunia kisimani kwa kamba: kamba inakwenda chini na wewe unaishikilia isiende haraka, kiganja ndicho kinachoungua. Nyuzi za msuli zinachanika, vichaniko vidogo sana, na ndiyo maana maumivu hayaji palepale. Yanakomaa siku ya pili au ya tatu. Ile habari ya "asidi ya laktiki imebaki miguuni" iacheni, hiyo mwili unaiondoa ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Aliyekimbia Jumamosi akashuka ngazi kinyumenyume Jumatatu hana asidi yoyote, ana misuli iliyochanika.

Habari njema ni kwamba msuli unakumbuka. Ukiupa mteremko mmoja mzito, ukauma, ukapona, mteremko unaofuata wa namna ileile hautauma kama wa kwanza, na kinga hiyo inakaa kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mteremko mzito wa mwisho uwekwe wiki mbili au tatu kabla ya mashindano. Wiki ya mashindano usiguse. Nimepokea watu walioenda "kujaribu miguu" siku nne kabla, wakafika kwenye mstari tayari wamechanika.

Na mkuu, kufanya vipande vya kupanda halafu kushuka kwa kutembea si kosa kama lengo ni pumzi. Kosa ni kutofanya kitu kingine zaidi ya hicho.

#7 MgeniWaNjia

Naona mmeniweka mkao wa kula. Mimi barabarani nakimbia kilomita 10 kwa dakika 52. Nikiingia milimani niweke hesabu gani? Kilomita 50 si kama masaa manne na nusu hivi?

#8 KobeMwendo

Mgeni, karibu. Masaa manne na nusu utakuwa umekaa kituo cha pili unatafakari maisha.

Huku saa haihesabu kilomita peke yake. Tumia kanuni ya Naismith, Mskoti mmoja mpanda milima aliyeitoa mwaka 1892, na bado inafanya kazi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni ya mtu anayetembea. Wewe unayekimbia jipime hivi: chukua mbio yako moja ndefu ya mazoezi, piga hesabu ya Naismith, linganisha na muda wako halisi.

Chukulia mwanzisha uzi. Kwenye daftari letu la kundi mwezi mmoja kabla alikimbia kilomita 20 zenye kupanda mita 900 kwa saa 3 na dakika 40. Naismith angesema masaa 4 kwa umbali na saa moja na nusu kwa kupanda, jumla masaa matano na nusu. Yaani jamaa anatumia theluthi mbili ya muda wa Naismith. Sasa njoo kwenye mashindano: kilomita 50 ni masaa 10, mita 2,600 ni masaa 4 na dakika 20. Jumla 14:20. Theluthi mbili yake ni saa 9 na dakika 33.

Yeye kamaliza 9:47. Dakika 14 zilizozidi ni za kijiwe na mwanasesere.

Na angalieni kitu: Naismith naye mteremko hakuuhesabu. Kwake kushuka ni bure. Kosa hilo si la mwanzisha uzi peke yake, lina zaidi ya miaka mia moja.

#9 KisiginoKikavu

Kobe, hilo daftari nitalichoma.

#10 MbioSiMatembezi

Samahani wakuu, mimi natofautiana. Kila mara nasikia "panda kwa kutembea". Mtu akitembea amekimbia nini? Si bora aseme alienda matembezi marefu? Nimeshiriki mashindano manne na sijatembea hata mlima mmoja.

#11 KobeMwendo

Nafasi ngapi?

#12 MbioSiMatembezi

Nafasi si hoja.

#13 KobeMwendo

Sawa, hoja basi. Kwenye mwinuko mkali, ukilinganisha anayekimbia na anayetembea wakiwa wanapanda kwa kasi ileile, anayetembea anatumia nguvu kidogo kuliko anayekimbia. Jipime mwenyewe. Pale ambapo aliye pembeni yako anatembea na mko sawasawa kwa dakika nzima, wewe unarukaruka mahali pamoja na unalipia kila mruko. Hata wanaoshinda mbio kubwa wanatembea penye ukuta, mikono juu ya magoti au fimbo mkononi. Wanatembea kwa hasira, hiyo ndiyo tofauti.

Na tukienda kwenye asili ya mambo, zile mbio za maili 100 za Western States kule Kalifornia zilikuwa za farasi. Gordy Ainsleigh farasi wake alilemaa, mwaka 1974 akaamua kuifanya njia nzima kwa miguu yake, akamaliza kwa saa 23 na dakika 42, chini ya saa 24 walizowekewa farasi. Hakuna aliyemuuliza wapi alitembea.

#14 MbioSiMatembezi

Hoja ya farasi nimeipokea. Bado sitembei.

#15 TochiKichwani

Mwacheni, goti litamfundisha 😄

Mimi nataka kusema la kupotea, maana mwanzisha uzi amelificha na nilikuwepo. Si kwenye mashindano, ni kwenye mazoezi ya usiku, wiki sita kabla. Tuliamua kuzoea tochi kwa sababu mashindano yanaanza giza. Yeye mbele, mimi wa pili, wengine nyuma. Usiku tochi inakuchorea duara la mita kumi na dunia nzima imeishia hapo. Mawe yote yanaonekana bapa kwa sababu taa iko sawa na macho yako na kivuli kinajificha nyuma ya jiwe. Ndiyo maana mimi taa ya pili naifunga kiunoni, ikimulika kutoka chini kila jiwe linasimama na kivuli chake.

Basi, yeye alikuwa anafuata alama zinazong'aa mbele. Mbili, ndogo, kijani. Anasema "njia hii hapa", tunamfuata, njia inazidi kuwa nyasi. Mara zile alama zikapepesa. Zikahama kushoto.

Ng'ombe.

Tulikimbia dakika ishirini tukimfuata ng'ombe. Na kurudi ilikuwa dakika arobaini kwa sababu ilikuwa kupanda. Tangu siku hiyo sheria ya kundi ikawa mbili: ukipita dakika kumi hujaona alama wala njia panda ya kwenye ramani, rudi ulikotoka. Usiendelee ukitumaini.

Mkubwa hupotea pia. Jim Walmsley mwaka 2016 alikuwa anaongoza Western States, yuko mbele ya muda wa rekodi, zimebaki chini ya maili 10 kati ya 100, akapita kona na kwenda njia siyo. Alipojitambua mambo yameharibika, akamaliza wa 20. Miaka miwili baadaye akarudi, akashinda na rekodi akaivunja.

#16 KisiginoKikavu

Kwenye ramani ng'ombe hakuwepo. Nisitiriwe.

#17 MgeniWaNjia

Uzi mtamu huu. Swali la pili: kwenye begi mnabeba nini? Na maji kiasi gani? Nimeambiwa ninywe kila nikikumbuka.

#18 ShavuLaMguu

Hapana, hapo kwenye maji tuelewane vizuri.

Wakimbiaji wengi wanaogopa kukauka, wachache wanajua kwamba kuzidisha maji nako kunaua. Ukinywa maji matupu kuliko unavyotoka jasho kwa masaa mengi, chumvi ya damu inazimuliwa, maji yanaingia kwenye seli, na ubongo uko ndani ya fuvu, hauna pa kutanukia. Dalili zake zinachanganya kwa sababu zinafanana na kuchoka: kichwa, kichefuchefu, kuzubaa. Ila angalia vidole. Pete ikibana, kamba ya saa ikikukata mkono, na hujakojoa muda mrefu huku umekunywa sana, acha kunywa na mwone mhudumu. Mtu wa namna hiyo asipewe chupa nyingine kwa huruma.

Kunywa ukisikia kiu. Siku ya joto kiu itakuja mapema, ifuate. Jipime mazoezini: kilo kabla na kilo baada ya saa moja. Ukimaliza mbio ndefu na uzito umeongezeka, umekunywa kupita kiasi, hilo halina mjadala.

Chakula, gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa zinatosha kuanzia, walioyazoesha matumbo yao wanafika 90 kwa kuchanganya aina mbili za sukari. Tumbo linafundishwa kama mguu. Usijaribu jeli mpya siku ya mashindano. Mimi nilijaribu. Sitasimulia.

#19 TochiKichwani

Begi: mbio ile kubwa ya kuuzunguka Mont Blanc, zaidi ya kilomita 170 kupitia Ufaransa, Italia na Uswisi, inadai kila mtu awe na tochi mbili, koti lisilopitisha maji, filimbi, blanketi la dharura na uwezo wa kubeba lita moja ya maji, pamoja na vingine. Hata kama mashindano yako ni ya kilomita 20, hiyo orodha ya watu waliowahi kuokota wenzao mlimani usiidharau. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi kama 6 hivi, na hapo upepo bado. Unaondoka chini na fulana, juu umelowa jasho, ukiumia kifundo na kukaa dakika ishirini tu meno yanagongana. Blanketi lenyewe ni dogo kuliko leso iliyokunjwa.

Filimbi ni kwa sababu sauti ya mtu inakauka mapema. Filimbi haikauki.

#20 BiMteremko

Nimesoma hapo juu mnaulizana nafasi, nikamkumbuka mwenzetu wa sita, hayupo humu, ni mtu asiyependa mitandao. Siku ile alimaliza zimebaki dakika 4 tu muda wa mwisho ufungwe. Sisi watano tulikuwa tumeshaoga, tumekaa pale kwenye utepe. Tukamwona anatokea kwenye kona, anatembea. Huyu bwana mkubwa hapa, wa 163, aliyekuwa hawezi kuinuka kwenye kiti bila kushikwa, aliinuka na kukimbia kumpokea. Alikimbia mteremkoni, tena bila kisigino. Nilitamani ajione.

Nilimwambia mwenzetu baadaye kwamba dakika 4 ni utajiri. Jasmin Paris mwaka 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza kumaliza mbio za Barkley, mizunguko mitano ndani ya saa 60, akagusa lango zimebaki sekunde 99 akaangukia hapohapo. Akanijibu, "Yeye aliruhusiwa kulala chini. Mimi mlinilazimisha kupiga picha."

#21 MgeniWaNjia

Wakuu nimetoka jana mara ya kwanza, kilomita 8 tu, kilima kimoja kidogo. Dakika 74! Nimekuwa nikijiona mkimbiaji. Leo nimeshuka ngazi vizuri, ina maana sikushuka kwa bidii?

#22 ShavuLaMguu

Ngoja kesho.

#23 MgeniWaNjia

Kesho imefika. Nimekuelewa.

#24 KisiginoKikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, mrejesho wa pili, wiki kumi na moja zimepita.

Nimefuata zoezi la Bi Mteremko, mita 200 mara 6, kila Alhamisi, na Jumanne naposhuka sitembei tena. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naona aibu kutandaza mikono, watu wanapita na mbwa wao wananiangalia. Wiki ya tatu kuna kitu kikafunguka. Siwezi kukieleza vizuri. Miguu iliacha kuniuliza ruhusa kwa kila jiwe. Nilikuwa nasikia nyayo zikigonga puu puu, sasa nasikia tap tap tap tap, na pumzi.

Jumamosi iliyopita tukarudi kwenye ule mteremko wa mita 900, sisi sita, bila namba kifuani. Siku ya mashindano ulinichukua dakika 61. Safari hii dakika 47, na bondeni nilisimama nikanywa maji na mapaja yametulia. Bi Mteremko alikuwa ameshafika, amekaa juu ya jiwe anakung'uta viatu. Akanipa dakika yangu nzima ya kupumua. Halafu akauliza nimeanguka mara ngapi.

Mara moja. Nina mashahidi watano, sina pa kujificha.

MgeniWaNjia alikuja pia, ndiye wa saba sasa. Alifika wa mwisho, tukamsubiri, na alipofika alikuwa anachechemea. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna kakijiwe kadogo, atakitoa mbele.

Nilimkalisha chini mwenyewe nikamvua kiatu.

#25 TochiKichwani

Na ule ukucha wako uliong'oka?

#26 KisiginoKikavu

Umeota. Umepinda kidogo, unaangalia kushoto.